Mapigo Elfu Tatu ya Mzee Hezron

Itangazwe kwa watu wote, wa upande huu wa mpaka na wa upande ule wa Nakonde, wenye hati na wasio nazo, kwamba katika mji wa Tunduma ametokea mtu mtakatifu. Jina lake ni Hezron Msongole, muuza spea za malori, mzaliwa wa Ibaba huko Ileje, na utakatifu wake ni huu: hakai mbele za Mungu. Ibada ya Jumapili ni saa tatu kasoro, ukijumlisha kwaya nne na mnada wa maboga na kuku, naye husimama zote, nyuma kabisa karibu na mlango, mikono mgongoni, uso umekunjamana kama wa mtu anayetubu dhambi za kata nzima. Mchungaji alishamtolea mfano mara mbili kwenye mahubiri. Akina mama waliwafinya watoto wao na kuwanong'oneza: mwangalieni yule, jifunzeni.

Ukweli ni kwamba Mzee Hezron alikuwa hawezi kukaa. Akikaa, inauma.

Inauma wapi? Hapo ndipo kesi ilipokuwa. Ingekuwa goti, angelionyesha. Ingekuwa jino, angefumbua mdomo watu wakachungulia. Lakini maumivu yake yalianzia nyuma ya kinena, yakashuka mpaka kwenye msamba, ile sehemu ambayo mtu huikalia juu ya tandiko la baiskeli, halafu yakatambaa ndani ya mapaja kama mtu aliyekalia kaa la moto na akakatazwa kupiga kelele. Kukojoa kulimchoma. Kukaa kulimchoma zaidi. Ilikuwa miaka mitatu sasa. Alishakunywa vidonge vya kila rangi. Alishapimwa damu, mkojo, tezi na vingine ambavyo hataki vitajwe, na kila mara majibu yalitoka safi. Alikuwa akitoka hospitali na karatasi inayosema hana kitu, anaikunja, anaiweka mfukoni, anaondoka akitembea kama mtu aliyevaa suruali ya mwenzake.

Watu walipouliza, alisema ni mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Mtu mwenye mgongo amebeba, amelima, amelea watoto. Hakuna anayemcheka mwenye mgongo.

"Mtakatifu, kaa basi tunywe chai," alikuwa akimwambia Bwana Amoni, mzee wa kanisa mwenzake, mwenye duka la matairi lililopakana na lake.

"Mgongo, Bwana Amoni."

"Mgongo gani huo unaokataa kiti? Mimi mgongo wangu ukiuma naomba viti viwili."

"Wako umezoea kudekezwa."

"Na wako umezoea kuringa. Haya, simama. Mbinguni utakuta wamekuwekea kochi."

Amoni anacheka, madereva wa Kizambia wanaochagua fanibelti wanacheka naye, mmoja anasema "Mulishani, batata," kumsalimu mzee kwa adabu, na Hezron anajibu kwa kichwa. Kisha wote wanakwenda zao.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kazi. Mkewe Enesi, ambaye mtaa mzima ulimwita mama Enesi, alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto mkubwa, Gwamaka, ni mwalimu wa sekondari huko Mkwajuni. Mdogo, Tulinagwe, yuko kidato cha tatu shule ya bweni. Kwa hiyo ndani ya nyumba yenye vyumba vitatu, makochi matano na vitambaa vya kudarizi alivyoacha marehemu, aliishi mtu mmoja asiyekalia hata kochi moja. Chakula cha jioni alikula amesimama, sahani ameiweka juu ya friji, uso umeelekea ukutani. Friji ilikuwa kimo chake hasa. Ikinguruma, sahani inatetemeka kidogo, na wakati mwingine alijikuta anaiambia, "Tulia basi." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya jioni.

Mwezi wa tatu mwaka huu, daktari mmoja wa Mbeya, mtu mzima mwenye miwani mizito, alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo peke yake lilimshtua Hezron.

"Mzee, hujachanganyikiwa," daktari alisema. "Haya yanaitwa maumivu sugu ya nyonga kwa wanaume. Hakuna kidudu cha kuua, ndiyo maana dawa hazikusaidia. Wako wengi. Hawasemi tu."

"Wengi?"

"Wengi sana. Wanasema ni mgongo."

Hezron akaangalia viatu vyake. Daktari akamweleza kwamba kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko, mashine inayopiga pale penye maumivu kutokea nje, bila kisu wala sindano, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Akasema akipata mahali penye mashine hiyo na mtu aliyeisomea, ajaribu. Akamwandikia barua.

Mahali penyewe palikuja penyewe. Likizo ya Pasaka, binti yake Tulinagwe, msichana mwenye huruma nyingi na asiye na hila hata chembe, alimtumia kwenye simu tangazo la kliniki binafsi ya viungo iliyopo Mlowo. "Baba, kwa ajili ya mgongo wako," aliandika. Hezron alilisoma lote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, baada ya visigino na mabega, palikuwa na maneno haya: na nyonga sugu kwa wanaume.

Alikaa nalo mwezi mzima. Yaani alisimama nalo.

Katika mwezi huo huo Gwamaka alikuja kutoka Mkwajuni na pikipiki, ana vumbi mpaka kwenye kope, akasema amepata mchumba. Binti wa Lusubilo, wa Ibaba. Hezron alifurahi mpaka akasahau akakaa, akaruka tena.

"Wa Ibaba kwetu kabisa?"

"Kwetu kabisa, baba. Jina lake..."

"Koma hapo!" Hezron aliinua mkono. "Jina lake nisilisikie. Mkwe hatajwi."

"Basi angalia picha tu."

"Gwamaka! Unataka nimwangalie mkwe wangu?" Akageuza uso ukutani, mwanawe amenyoosha simu hewani kama mtu anayetafuta mtandao.

Ieleweke kwamba hapa mzee hakuwa anatania. Kwa watu wa milima ya Ileje wanaoshika mambo ya zamani, baba na mke wa mwanawe hawaonani. Hawatajani jina. Hawakai chumba kimoja, hawali mahali pamoja. Akimwona anakuja njiani, mkwe anaacha njia, anaingia kwenye nyasi na kugeuka mpaka mzee apite. Mama Enesi aliishi miaka kumi na moja boma moja na baba yake Hezron, na hawakuwahi kutazamana usoni. Vijana wengi siku hizi wamelegeza. Hezron hakulegeza. Katika maisha yake mambo mengi yalishalegea bila idhini yake, na hili alilikazia kamba.

Kwa hiyo hakuona picha wala hakusikia jina. Angetazama ile picha nusu dakika tu, hadithi hii isingekuwepo.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano alifunga duka, akapanda Costa ya kwenda Mlowo. Viti kumi na tano vilikuwa vitupu. Akasimama.

"Mzee, kaa, gari ni lako," konda alisema.

"Nashuka karibu."

"Mlowo ndiyo karibu?"

Mlowo kulikuwa na baridi ya msimu wa kahawa, watu wamejifunga masweta, na mbele ya nyumba buni zilikuwa zimeanikwa kwenye vichanja. Kwenye kitabu cha mapokezi Hezron aliandika jina la Efraimu, mkulima, wa Itaka. Alikuwa hajawahi kudanganya kwa maandishi. Akalipa kwa simu, akasubiri.

Mlango ukafunguka, akatoka msichana mwenye koti jeupe, mfupi, macho makubwa, nywele amezibana nyuma.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Efraimu?"

"Marahaba. Namsubiri mtaalamu."

"Ndiye mimi. Hapa wananiita Dada Atu."

"Mtaalamu mwanaume."

"Yupo mmoja, ila yuko Dar es Salaam. Nikutafutie namba yake?"

Hezron alitazama mlango wa kutokea. Ulikuwa hatua sita. Lakini kati yake na mlango palikuwa na kiti, na kukiona tu kile kiti kulimkumbusha kwa nini amekuja.

Ndani kulikuwa na kitanda chembamba, mashuka mawili, na mashine ndogo yenye kifaa cha kushika mkononi, kinafanana na kile wanachopulizia rangi mafundi wa magari. Dada Atu aliisoma barua ya daktari mpaka mwisho, hakutabasamu, hakushtuka. Alieleza kwamba hii si kupigwa umeme. Ni mawimbi ya mgandamizo, kama ngoma kubwa ikipigwa karibu na mtu akaisikia kifuani. Yanaingia ndani, misuli iliyojikaza inalegea, damu inapita, mishipa ya fahamu inapunguza kelele.

"Sikuahidi kupona, mzee. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine kidogo, na wapo ambao hawapati. Mapigo elfu tatu kila Jumatano. Hili shuka ni la kwako, jifunike mwenyewe unavyotaka, mimi nitafunua panapohitajika tu. Macho yako yaweke kwenye dari."

Darini alikuwa amebandika kalenda ya miaka miwili iliyopita, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Alisema wagonjwa wanahitaji kitu cha kutazama. Hezron akamtazama yule ng'ombe, ng'ombe akamtazama Hezron. Mafuta ya baridi yakapakwa, kifaa kikagusa msamba, na mashine ikaanza: tak-tak-tak-tak.

Aibu ilikuwa kubwa kuliko maumivu kwa mapigo kama mia nne hivi. Baada ya hapo, kwa sababu ambazo hata yeye hazielewi, ilichoka.

"Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako nyumbani yakoje?"

"Saba. Nikikaa, nane."

"Usiku unalala?"

"Kwa vipande."

"Nyumbani kuna nani anajua?"

Ng'ombe, darini, alisubiri jibu.

"Hakuna," Hezron alisema.

Tak-tak-tak-tak. Dada Atu hakusema pole. Aliacha mashine iendelee kisha akauliza, "Mkeo alikuwa anaitwa nani?" Hezron akashangaa amejuaje kwamba ni "alikuwa". Akamwambia. Akamwambia pia kwamba miezi ya mwisho alikuwa akimkanda miguu kila jioni, na kwamba mama Enesi alijua kuuliza hali, anauliza halafu ananyamaza anangoja, si kama hawa wanaouliza hujambo huku wameshapita. Alipomaliza kusema, mapigo elfu tatu yalikuwa yamekwisha na hakusikia ya mwishoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumatano ya pili namba ya maumivu ikashuka mpaka sita. Alipewa pia mazoezi ya kupumua kwa tumbo na kulegeza nyonga, akayafanya asubuhi nyuma ya mlango wa stoo ya duka. Jumatano ya tatu ikawa nne. Wiki hiyo, dukani, Amoni alileta chai, na Hezron akavuta kreti la soda, akalipindua, akaketi. Akanywa kikombe kizima.

Amoni aliweka chake chini. "Utakatifu umeisha?"

"Nimepumzika tu."

"Nitamwambia mchungaji. Ameshaandaa mahubiri ya tatu."

Lakini kilichombadilisha zaidi hakikuwa kreti. Nusu saa ile ya Mlowo ndiyo ilikuwa maongezi yake ya wiki. Alhamisi alianza kukusanya vitu vya kumsimulia Dada Atu: dereva aliyenunua kioo akakivunja kabla ya kufika kwenye lori, paka aliyezaa ndani ya sanduku la bearing. Jumanne jioni, mbele ya friji, aliyapanga kwa mfuatano. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mwenye duka, anajiandaa kuongea.

Jumatano ya nne alilala kitandani bila kuambiwa, akajifunika, akamsalimia ng'ombe. Mashine ikaanza. Alikuwa katikati ya habari za paka, mapigo yamefika elfu moja na kitu, Dada Atu akasema kwa sauti nyepesi:

"Mzee, wiki tatu zijazo Jumamosi naenda nyumbani Ibaba. Washenga wanakuja kwetu."

"Hongera sana mwanangu! Unaolewa?"

"Mungu akipenda. Kijana ni mwalimu, yuko Mkwajuni."

Tak-tak-tak-tak.

"Baba yake ndiye naogopa. Nasikia ni mtu wa mila kweli kweli, hataki hata kusikia jina langu. Anauza spea Tunduma. Nasikia kanisani huwa hakai."

Ng'ombe wa darini alibaki na uso ule ule. Hezron hakubaki na uso wowote. Alikuwa amelala chali, magoti juu, chini ya shuka la kliniki, na mkono wa mkwe wake ulikuwa umeshika mashine mahali ambapo hata marehemu mama Enesi alikuwa hatazami mchana. Akatazama kihesabio. Kilisema elfu moja na mia nane.

"Inatosha," alisema.

"Bado elfu moja na mia mbili, mzee."

"Nimesema inatosha."

Alivaa akiwa amempa mgongo, mafuta hajafuta, kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani yake, akatoka bila kuaga. Kwenye Costa konda hakumwambia akae. Uso wake ulitosha.

Wiki mbili zilizofuata hakwenda. Simu ililia: Kliniki Mlowo. Akaiacha ilie. Ikalia tena kesho yake, akaiweka chini ya kaunta ndani ya boksi la plagi, ikawa inalia kama nzi aliyefungiwa. Maumivu yalipanda taratibu, manne, matano, sita, na kreti la soda likarudi kuwa la soda. Jumapili mchungaji alitoa yale mahubiri ya tatu.

Usidhani alikuwa hana mpango. Aliufikiria kwa siku nyingi, amesimama. Kama akisema, ameuaibisha ukoo mzima. Ni baba mkwe gani ambaye mkwe wake amemwona hivyo? Gwamaka atamwoaje mtu huyo? Lakini akinyamaza, mila yenyewe itamficha. Harusi itafungwa, mkwe ataingia kwenye nyasi, yeye atageukia ukuta, na hawataonana uso kwa uso mpaka mmoja wao azikwe. Dada Atu hatajua kamwe kwamba Efraimu wa Itaka ndiye baba mkwe. Mwana ataoa. Heshima itabaki. Kilichotakiwa ni Hezron kuacha tiba ikiwa na nafuu nusu, na kumwacha mtu pekee aliyekuwa anamuuliza hali halafu anangoja jibu. Akaona ni bei anayoiweza. Alishazoea friji.

Gwamaka alipopiga simu kuuliza kama washenga waende, alisema, "Waende." Sauti ilitoka nyembamba.

"Baba, unaumwa?"

"Mgongo tu."

Jumamosi moja kabla ya ile ya washenga, saa tisa mchana, Hezron alikuwa uani akipanga mabomba ya kutolea moshi kando ya ukuta. Tulinagwe, aliyekuwa amefunga shule kwa likizo ya katikati ya mwaka, alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria. Mtu akabisha geti la bati, mara tatu, polepole.

"Hodi. Mzee, usije getini. Ni Dada Atu wa Mlowo."

Hezron akashika bomba kama mtu anayetaka kushikwa nalo.

"Sikuangalii," sauti ilisema kutoka nje. "Nimegeukia barabarani. Na wewe geukia ndani, tuongee hivyo hivyo. Hakuna atakayemwona mwenzake."

Alifikiri kukimbia. Kwa vile nyumba ilikuwa yake, hakujua akimbilie wapi. Akageuka, akalitazama dirisha la jikoni. Geti la bati likabaki katikati yao.

"Umejuaje hapa?" aliuliza.

"Nimejua tangu Jumatano ya kwanza. Ulilipa kwa simu, jina likaja Hezron Msongole. Nikatoka nje nikasimama kwenye vichanja vya kahawa."

"Ukarudi ukaendelea!"

"Nilijiambia, mkwe wake sijawa. Mgonjwa wangu ameshakuwa."

Lori lilipita nje, geti likatetemeka. Walingoja lipite.

"Na yale maneno ya Jumatano ya nne?" Hezron alisema. "Ulikuwa unanicheza?"

"Nilidhani utacheka. Nilidhani utasema, jamani, ndiye mimi, na tuangalie la kufanya. Nilichoka kujifanya sijui. Nilikosea, baba. Nilikuambia ukiwa umelala na mashine iko hapo, huna pa kwenda. Si haki kumfanyia mgonjwa hivyo. Nimekuja kuomba radhi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. Hezron akaliegemeza bomba ukutani kwa uangalifu kama la kioo.

"Gwamaka anajua?"

"Hajui chochote. Habari za mgonjwa siyo zangu kuzitoa. Nimewaambia nyumbani washenga wasubiri. Nimesema nina mgonjwa hajamaliza tiba, na mpaka amalize siwezi kupokea wageni. Mama amenuna. Lakini mila inaanza washenga wakipokelewa, si kabla. Nimemuuliza bibi."

"Umesimamisha washenga wa mwanangu kwa ajili ya..."

"Kwa ajili ya mapigo elfu saba na mia mbili. Yaliyobaki ya siku ile na Jumatano mbili."

Hezron akajaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo washenga watakuja. Nitakuwa mkwe wako. Nikikuona njiani nitaingia kwenye nyasi."

"Ndiyo inavyotakiwa."

"Ndiyo."

Kuku wa jirani alipita katikati ya uani, akasimama, akamtazama mzee anayeongea na dirisha.

"Sasa nitaongea na nani?" Hezron alisema.

Alikuwa hajakusudia kulisema. Lilitoka kama jambo la kawaida, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi.

"Kwani sasa hivi tunafanya nini, baba?" Dada Atu akasema. "Bati hili nitalizoea. Nami ninaongea sana."

Hezron akapangusa uso kwa mkono wenye grisi. "Jumatano nitakuja," alisema.

"Kalenda nimebadilisha. Siku hizi ni kondoo."

Hapo akacheka kweli, cheko fupi, bovu kwa kukosa mazoezi. Dada Atu naye akacheka. Kisha, kama mtaalamu anayefunga faili, akauliza:

"Ila nilitaka kujua. Kliniki yenyewe, ni nani aliyekuelekeza?"

"Binti yangu. Alinitumia tangazo kwenye simu, Pasaka."

"Tulinagwe?"

"Huyo huyo. Ana huruma sana."

Sauti ya Dada Atu ikabadilika, ikawa ya mtu anayepima kila neno. "Baba, tangazo lile nilimtumia mimi. Mwezi wa pili. Tumekuwa tukiandikiana tangu Krismasi, ananiita wifi. Anajua ninapofanya kazi kuliko hata mama yangu."

Hezron akageuka kutoka dirishani. Nyuma ya pipa la maji, hatua nne kutoka alipo, palikuwa na magoti mawili yamechuchumaa, na sufuria lenye povu linadondosha maji, tone, tone, tone, tangu mazungumzo yalipoanza.

"Toka," alisema.

Na mimi nikatoka.

Ndiyo, mimi. Siwezi kuendelea kumwita "Tulinagwe, msichana mwenye huruma" wakati baba yangu ananitazama nina povu mpaka kwenye viwiko. Nilijua. Lile tangazo nililituma makusudi. Baba asiyetaka hata kuona picha ya mkwe angejipeleka kwa miguu yake akakandwe mgongo na mkwe mwenyewe, na siku akigundua ningekuwa na kisa cha kusimulia bwenini muhula mzima. Nilidhani ni mgongo. Mstari wa mwisho wa tangazo sikuusoma. Nilisema yote hayo pale pale, haraka haraka, naangalia sufuria.

"Ulidhani ni mgongo," baba alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Uliwahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Likizo tatu mfululizo nilimwona anakula wali juu ya friji, uso ukutani, na sikuuliza hata mara moja. Yaliyomo humu kuhusu Mlowo na ng'ombe na kreti alinisimulia baadaye, jioni baada ya jioni, kwa kuwa nilianza kuuliza nikiwa nimechelewa. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na nikaona nikilificha hilo basi nimebaki vile vile. Nikamwambia kwamba bwenini huwa namwigiza. Naweka sahani juu ya kabati la nguo, naweka mikono hivi, nakunja uso, nautafuna ugali polepole naongea na ukuta. Wananiomba nirudie. Nimerudia mara nyingi.

Nje ya geti wifi alikuwa bado amegeukia barabarani.

"Wanacheka?" baba akauliza.

"Sana, baba," nikasema.